Moshi wa Steji Hautolewi na Maziwa

Siku hizi tunaletewa malalamiko mengi ya moshi wa matatu, hasa na mama mboga na vijana wanaouza pale Landhies, Jogoo Road, Muthurwa mpaka Kangemi. Asanteni kwa kuongea. Ila mengi yanakwama mezani, na nitasema ni kwa nini hapo chini.

Kwanza, ile masizi nyeusi iko juu ya nyanya si ndio mbaya zaidi. Hiyo unapangusa, kufika saa sita kitambaa kimekuwa kama cha fundi wa gereji, basi. Mbaya ni ile huoni, chembe ndogo sana za moshi zinaitwa PM2.5, unywele mmoja unaishinda unene kama mara 30, haikwami puani, inashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine inaingia kwa damu, ndio mtu anajua kifua tu kumbe moyo na kiharusi vimo, na mjamzito anaweza kujifungua mtoto wa uzito mdogo. Moshi wa dizeli uliwekwa kwa orodha ya vitu vinavyoleta saratani tangu 2012.

Sasa hii maneno ya maziwa, eti ukinywa yanatoa moshi mwilini. Jameni. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwa mapafu. Kunywa, ni chakula, lakini hayasafishi kitu. Leso mdomoni nayo ni ya vumbi tu. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, inasaidia ikishika uso vizuri, ikiacha nafasi kando ya pua ni kama hujavaa.

Kitu inasaidia ni umbali. Gari ikiondoka steji inatema moshi kuliko ikiwa mwendo, kwa hivyo hata kurudisha meza nyuma kidogo, mbali na pale makanga anaita watu, ni afadhali (hatujasema mtu ahame, nafasi za kuuzia ni mambo ya kaunti). Asubuhi za baridi za Juni na Julai chungeni zaidi, moshi haupandi. Na wewe wa mahindi choma, jiko lako pia ni moshi, kaa upande upepo unatokea.

Turudi kwa malalamiko. "Ile matatu ya blue ya asubuhi" hatuwezi kuishika. Tunataka namba ya gari, sacco, mahali, tarehe na saa, na kama kuna video ionyeshe namba na moshi pamoja, sio moshi peke yake. Peleka NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira) au ofisi ya mazingira ya kaunti, usipojibiwa kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Korti pia iko, Katiba kifungu cha 70 hakikulazimishi uthibitishe kuna mtu ameumia. Sheria ya mazingira, sehemu ya 144, kosa ambalo halijapewa adhabu yake maalum ni jela mwaka 1 hadi 4, ama faini ya milioni 2 hadi 4, ama zote mbili, lakini bila namba ya gari hiyo faini tutamwandikia nani?

Na hiyo video usiichukue ukiwa umesimama katikati ya barabara.