Kukwangua kitako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na anayejifunza gurudumu la ufinyanzi huishika methali hiyo kwa mikono miwili. Bakuli limekatwa gurudumuni kwa waya asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana keshalipindua, kikwangulio mkononi. Mdomo unabonyea, kitako kinachanika, lawama zinaangukia udongo. Kwa kufinyanga, methali haina kasoro. Ila kukwangua, yaani kukigeuza chombo kifudifudi na kuondoa udongo mzito uliobaki chini, ni kazi ya kusubiri, na mengi wanayoambiwa wanaoanza hayasemi wasubiri nini.

"Kikilala usiku mmoja, kiko tayari"

Usiku mmoja wa Dar es Salaam wakati wa masika si sawa na usiku mmoja wa Dodoma mwezi Agosti. Huku bakuli litaamka bado linanata, kule mdomo utakuwa umeshapauka. Achana na saa, gusa chombo. Bonyeza kitako kwa ukucha: alama ibaki, lakini udongo usishike kidoleni. Minya ukuta taratibu kwa vidole viwili: usinepe. Udongo uliofikia kiwango chake bado una rangi iliyokoza, na ukiuweka shavuni unasikia ubaridi. Rangi ikishapauka na ubaridi ukaisha, umechelewa.

Kinachowasumbua wengi ni kwamba chombo hakikauki sawasawa. Mdomo ni mwembamba na unapigwa na upepo, kitako ni kinene na kimekalia ubao. Kwa hiyo mdomo ukishaweza kubeba uzito wa chombo bila kupinda, kipindue kitako kipate hewa, na mdomo uufunike nailoni. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania 2019, lakini nailoni inayofungiwa magodoro mapya inafaa hata kuliko mifuko.)

Ukianza kukwangua, tazama kinachotoka. Udongo ulio sawa hutoka kama maranda ya seremala, utepe mrefu unaojikunja. Ukiganda kwenye kifaa, ni mbichi. Acha, rudi baadaye. Ukitoka unga, umekauka mno.

"Kuta zikiwa nzito, nitarekebisha kwenye kukwangua"

Hii ndiyo dhana inayoharibu vyombo vingi kuliko nyingine zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Uzito unapungua, ndiyo. Lakini kikwangulio kinafanya kazi nje tu, na kila unachoondoa nje kinapimwa na umbo la ndani ambalo kwa wakati huo hulioni, maana chombo kimeinama. Bakuli lenye sakafu tambarare ndani na kona kali, ukilizungushia nje liwe mviringo, litatoboka pale pale penye kona. Lililo mviringo ndani, ukiliacha na pembe nje, litabaki na pete ya udongo mzito uliojificha chini, na mtu atakayelinyanyua atausikia uzito huo hata kabla hujamweleza. Na kama ukuta ni mnene upande mmoja kwa sababu udongo haukukaa katikati ulipoanza kufinyanga, kukwangua kutaulinganisha kwa nje tu. Upande mwembamba unabaki mwembamba, au unazidi.

Kwa hiyo kazi hii huanza kabla ya kupindua chombo. Tazama ndani, pitisha vidole, ukariri mkunjo wake. Kisha pima. Laza kijiti juu ya mdomo, teremsha rula katikati hadi iguse sakafu, halafu pima kimo cha nje kutoka ubaoni hadi kwenye kijiti hicho hicho. Nje ikiwa sentimita 8.2 na ndani sentimita 7, kitako kina milimita 12. Ukitaka pete ya kukalia, yaani ukingo wa duara chini ya kitako, yenye kimo cha milimita 6, sakafu itabaki na milimita 6, na hiyo inatosha kwa bakuli la mezani. Ukitaka zaidi ya hapo huna, hata ukwangue kwa upole kiasi gani.

Kuna wanaosema kitako kigongwe kwa kidole, sauti itakwambia kimefikia wapi. Si uongo mtupu, sauti hubadilika kadiri udongo unavyopungua, lakini hubadilika pia kwa unyevu na umbo, na sikio geni halitenganishi. Mwenye mashaka achome sindano, apime, azibe tundu. Sakafu ikianza kunepa chini ya kidole gumba, hapo umeshafika, weka kifaa chini.

"Fuata duara zilizochorwa kwenye gurudumu, chombo kitakaa katikati"

Duara hizo ni za kuanzia tu. Mdomo wa chombo cha mwanafunzi mara chache ni duara kamili, na ukishakauka kidogo umepinda zaidi. Zungusha gurudumu polepole, weka kidole karibu na ukuta, mkono umeegemea mahali ili usitikisike. Kidole kitaguswa upande mmoja tu. Simamisha, sukuma upande huo kuelekea katikati nusu ya pengo unaloliona, zungusha tena, hadi kidole kiguse mzunguko mzima.

Halafu mabonge matatu ya udongo laini ya kukizuia. Yakandamize chini kwenye gurudumu, yaguse mdomo bila kuusukuma. Mwanafunzi huyasukuma ndani kwa nguvu kwa kuogopa chombo kuruka, na anaukunja mdomo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mawimbi kwenye ukuta ni udongo mbaya"

Mara nyingi ni kifaa butu, udongo mkavu, au mkono unaolegea. Ukishayaona usiendelee, kwa sababu kila mzunguko kifaa kinarukia kwenye mashimo yale yale na kuyazamisha. Noa kwa tupa, badilisha mwelekeo wa ukingo, gandamiza viwiko kwenye mapaja, kisha kata vilele vya mawimbi kwanza.

"Kila chombo lazima kiwe na pete chini"

Pete inainua chombo mezani, inakupa pa kushika unapokichovya kwenye glezi (uji unaogeuka kioo tanurini), na inapunguza eneo linaloweza kugandia rafu ya tanuri. Kikombe kinaweza kuishi bila pete. Ukingo wa chini uliokatwa mshazari kidogo unakitosha. Chungu cha kupikia hakihitaji kabisa. Vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa, vina kitako cha mviringo, na mafiga yanavipokea bila shida. Wala havikutoka kwenye gurudumu la kisasa. Tena ulinganifu si ushahidi wa gurudumu: mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono na kuvikwangua, na ukivitazama unaweza kuapa vimezungushwa.

"Nitasubiri kikauke kabisa, nipige msasa"

Hapa sina upole. Vumbi la udongo lina silika, madini ya mchanga, na kulivuta miaka mingi huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Kwangua udongo ukiwa na unyevu, na ukimaliza usifagie. Futa kwa sifongo lenye maji.

Kuna pia wanaoamini kuwa chombo kikipasuka tanurini ni viputo vya hewa. Kwa kawaida ni maji. Kitako kinene kinaonekana kikavu nje, ndani kina unyevu, na joto likipita nyuzi 100 maji yanageuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Kukwangua vizuri kunasaidia kwa sababu unene ukilingana, kukauka nako kunalingana.

Yale maranda usiyatupe, wala usiyaloweke yakiwa na unyevu kwa kudhani yatalainika haraka, maana yatakaa siku nyingi na madonge katikati. Yaanike yakauke kabisa, ndipo uyamwagie maji. Udongo mkavu hunyonya na kusambaratika wenyewe. Usiukoroge mapema; acha hadi kesho, mwaga maji ya juu, tandaza tope juu ya kitambaa kizito, na likishashika vya kutosha kulikanda, linarudi gurudumuni.