Ndoo ya machicha: kutoka kaunta ya mkahawa hadi bustanini

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshavaa aproni. Dada ndiye anayesimama kwenye mashine ya kahawa, mama yuko kwenye daftari la hesabu, nami nashika upande wa nyuma: vikombe, maziwa, sakafu. Na ndoo. Ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, inakaa chini ya kaunta. Kila kahawa inapotoka, dada anakigonga kishikio cha mashine na kibonge cheusi kinachofuka mvuke kinadondokea ndani.

Kazi niliyoisomea ni udongo. Kwa hiyo watu wakisikia tuna mkahawa na bustani, swali ni lilelile: haya machicha ya kahawa yanafaa mimea au hayafai? Yanafaa sana, ila si vile wengi wanavyoyatumia. Leo nitaeleza kwa kuifuata ndoo yangu siku nzima.

Kwanza ujue kuna nini humo. Maji ya moto yakipita kwenye kahawa iliyosagwa vizuri, kinachoyeyuka na kuingia kikombeni ni kama asilimia 18 hadi 22 tu ya uzito wake. Zaidi ya robo tatu hubaki kwenye machicha. Espreso ya kipimo maradufu hutumia gramu 18 hivi za unga mkavu, hivyo asubuhi ya vikombe 100 ni kilo 1.8 za unga, na ukishaloa uzito unakaribia mara mbili. Humo mna nitrojeni kama asilimia 2, ambayo ni nyingi kwa kitu kinachotupwa jalalani.

Hapo ndipo rangi inapowapoteza watu. Wakulima wa bustani huligawa lundo la mboji sehemu mbili: malighafi mbichi zenye nitrojeni nyingi, na malighafi kavu zenye kaboni nyingi. Machicha ni ya kahawia kama majani makavu, kwa hiyo mtu huyahesabu kwenye kavu. Sivyo. Yana kaboni sehemu 20 hivi kwa nitrojeni sehemu 1, na hiyo inayaweka upande mmoja na majani mabichi. Vijidudu vinavyoozesha lundo vinafanya kazi vizuri uwiano ukiwa kati ya 25 na 30 kwa 1. Ukilundika machicha matupu, yanashikana, hewa inakosa njia, na baada ya siku chache harufu itakufukuza.

Na lile la kwamba yanatia udongo tindikali? Tindikali za kahawa huyeyuka kwenye maji, na sehemu kubwa huenda na kinywaji. Machicha yaliyokwisha kuchujwa mara nyingi hukaribia kiwango cha kati cha pH, yaani kipimo cha tindikali: 6.5 au zaidi kidogo. Ukitaka kushusha pH ya udongo kwa ajili ya mimea inayopenda tindikali, usiyategemee.

Saa nne wateja wakapungua, nikatoka na orodha yangu. Benki kuomba sarafu za chenji, hiyo ilikuwa dakika kumi. Halafu duka la vifaa vya ujenzi kununua wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 1. Kisha kwa fundi seremala, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu huyu ndiye anayenipa kaboni. Pumba za mbao kavu zina kaboni sehemu mia kadhaa kwa nitrojeni moja, hivyo kidogo tu kinatosha. Lakini kabla ya kujaza gunia huwa namuuliza amepasua nini wiki hiyo. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza zinaweza kuwa na shaba, kromiamu, hata aseniki, na plaiwudi ina gundi. Hayo sitaki yafike kwenye mboga. Leo akasema, "Kaka, leo acha, nimekata plaiwudi tangu asubuhi." Nikamshukuru, nikaenda kukusanya majani makavu kwa jirani. Maboksi ya karatasi ya mkahawa nayo yanafaa, ukiyabandua utepe wa plastiki na kuyachana vipande vya ukubwa wa kiganja.

Mchana bustani. Nilifungua mfuniko nikaanza kuvunja vibonge kwa mkono. Usiruke hatua hii. Mashine hukandamiza kahawa kwa nguvu, na kibonge kisichovunjwa utakikuta miezi mitatu baadaye kikiwa kizima, kikavu katikati kama siku ulipokitupa. Karatasi za kuchujia huingia pamoja na machicha, zinaoza vizuri. Vifuko vya chai navipasua na kumwaga majani tu, maana vifuko vingi vimechanganywa na nyuzi za plastiki. Maziwa hayaingii kabisa.

Kipimo changu ni ndoo, si mizani: machicha ndoo 1, majani mabichi na mabaki ya mboga ndoo 1, majani makavu na maboksi ndoo 3. Machicha yasizidi sehemu moja ya tano ya lundo. Natandaza tabaka, nanyunyiza maji, nachanganya kwa uma wa bustani. Unyevu naupima kwa kukamata konzi na kulibana kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu, sawa, yakitiririka, naongeza makavu, usipobaki hata ubichi mkononi, naongeza maji. Lundo linahitaji angalau mita 1 kila upande ili litunze joto. La wiki iliyopita nililichoma kipimajoto leo, likasoma nyuzijoto 58. Nafurahi sana kuona namba hiyo. Kuanzia 55 kwenda juu, likikaa humo siku kadhaa na ukapindua mara kwa mara ili ya nje yaingie ndani, mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa hufa.

Kwa nini nisiyamwage tu kwenye mashina? Niliwahi. Miaka ya mwanzo ya mkahawa nilitandaza machicha mabichi, unene wa vidole vitatu, kuzunguka miche ya nyanya iliyokuwa na majani manne. Juani yakakauka yakawa gamba. Nilipomwagilia, maji yalikaa juu yakatiririkia pembeni, na chini udongo ulikuwa vumbi. Wiki ya pili majani ya chini yakawa manjano, huenda kwa sababu vijidudu vilivyokuwa vikiozesha machicha vilichukua nitrojeni ya udongo kabla ya mizizi kuipata. Miche ishirini na sita, na iliyopona ni tisa. Juu ya hayo, kafeini iliyobaki hudumaza mizizi michanga. Mmea wa kahawa wenyewe huibeba kama kinga dhidi ya wadudu. Lundo likiiva kwa miezi mitatu hadi sita, kafeini hiyo huvunjwa na vijidudu.

Kama ni lazima uyatumie mabichi, yawe utando mwembamba usiozidi sentimita 1, juu yake matandazo ya majani, na yakae mbali na shina. Kwenye kitalu usiyaweke kabisa.

Jioni nikafunga ule wavu mpya kwenye fremu ya mbao na kuchekecha lundo la zamani. Kilichopita kilikuwa cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Bado sikukiamini. Nilijaza kopo dogo, nikapanda mbegu kumi za figili, na kopo jingine kwa udongo wa kawaida kwa kulinganisha. Siku tano zijazo, zikiota sawasawa pande zote mbili, basi mboji imeiva na itaingia kwenye vyungu vya mama pale mlangoni.

Nikarudi mkahawani wakati wa kufunga. Dada alikuwa anapangusa mashine, ndoo imejaa tena hadi ukingoni.

"Mdogo wangu, kesho nikuwekee ndoo ya pili?"

"Hapana, dada. Ngoja kwanza nipate majani makavu ya ndoo tatu zaidi."

Akaifunika, nami nikaipakia kwenye baiskeli.