Maana ya ukomavu wa kimuziki kwa mpiga piano kijana

Kijana anayepiga piano vizuri anaposifiwa, ufundi na ukomavu hutajwa pamoja kana kwamba maana yake ni moja. Ufundi ni kazi ya mikono. Piano ina vibonyezo 88, na fundi ni yule ambaye vidole vyake huvifikia kwa kasi bila kujikwaa, na ambaye anaweza kuishusha sauti hadi ikawa mnong'ono pasipo nota hata moja kupotea. Mwenye kipaji huweza kuupata mapema sana: Evgeny Kissin wa Urusi alipiga konseto zote mbili za mtunzi Chopin, yaani kazi za piano na okestra, mjini Moscow mwaka 1984, akiwa na miaka 12.

Ukomavu ni kujua kila nota imewekwa pale kwa ajili gani: ipi inaiandalia nyingine njia, ipi ndiyo kilele cha mstari, na ni wapi muziki unataka kupumua. Glenn Gould wa Kanada alirekodi kazi ile ile ya mtunzi Bach, iitwayo Goldberg, mwaka 1955 akiwa na miaka 22, kisha tena mwaka 1981. Wimbo wa kufungulia, uliomchukua chini ya dakika 2 mara ya kwanza, ulizidi dakika 3 mara ya pili, ingawa nota zilikuwa zile zile. Hata hivyo, wanaodhani kwamba kukomaa ni kupiga polepole wanakosea, kwa maana yako mapigo ya polepole yasiyo na uhai wowote.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi Tabora, katika mazoezi ya kwaya ya kanisa, ambako kinanda kilipigwa na kijana wa sekondari ambaye pia huimba teno na kupiga ngoma. Kinanda chenyewe kilikuwa cha umeme, cha aina ambayo sauti haibadiliki ubonyeze kwa nguvu au taratibu. Kila mwisho wa mstari, pale waimbaji wanapovuta pumzi, aliuinua mkono wa kulia na kuiacha besi peke yake. Na kwenye neno zito la ubeti wa mwisho aliichelewesha nota kidogo mno, kwaya nzima ikamngoja. Naamini ni koo lake la mwimbaji lililovifundisha vidole, kwa sababu piano, tofauti na filimbi, haimdai mpigaji pumzi, na asiyeimba husahau upesi kwamba wimbo una pumzi. Ngoma nayo ilimpa mapigo yasiyoyumba, ndiyo maana aliweza kuchelewa bila kupotea.

Anayetaka kuupima ukomavu na asikilize kitu chepesi, kama sonata (kazi ya piano yenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Mozart ya mwaka 1788 ambayo mwenyewe aliiandika kuwa ni ya wanaoanza. Katika sehemu yake ya pili mkono wa kushoto unarudia akodi zilizovunjwavunjwa, yaani nota za kundi moja zikipigwa moja moja, karibu muda wote, na sikio likae hapo hapo: je, nota hizo zinaubeba wimbo wa mkono wa kulia, au zinahesabiwa tu?