Kompyuta ya nyumbani: nusu mashine, nusu ukumbi

Ukimsikia mtu wa miaka hamsini anasema ana hamu ya kompyuta ya nyumbani, usidhani anataka kompyuta ya kuweka nyumbani. Hiyo anayo, tena anatembea nayo mfukoni. Jina hili ni la mashine za aina moja na za zama zake: kuanzia 1977 hivi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Utazitambua kwa mambo machache. Kompyuta yote ilikuwa imo ndani ya kibodi. Skrini haikuwa nayo. Waya wake ulichomekwa nyuma ya televisheni, pale pa antena, kisha ukaitafuta kama unavyotafuta stesheni. Pa kuhifadhia kitu napo hapakuwapo, basi ulitumia redio kaseti na kanda ya kawaida, zile zile za taarabu. Na ukishaiwasha haikuuliza neno la siri wala haikujisasisha. Kufumba na kufumbua iko tayari, inangoja uiandikie amri kwa BASIC, lugha ya programu iliyotiwa ndani ya chipu tangu kiwandani.

Iliyovuma sana Uingereza ni ZX Spectrum ya Clive Sinclair, iliyotoka Aprili 1982: ndogo kama daftari, vitufe vya mpira, pauni 125 kwa ile ya kumbukumbu ya kilobaiti 16 na 175 kwa ya 48. Marekani ilitoa Commodore 64 mwaka huo huo. Wanaoandika habari za hamu hii huishia hapo, na ndiyo maana mimi huzisoma kama mtu anayesoma habari za harusi asiyoalikwa.

Iliyotukaribia sisi ni MSX. Hii si kampuni, ni kanuni. Mwaka 1983 Microsoft na kampuni ya ASCII ya Japani walitangaza sifa za mashine moja, na viwanda vingi, Sony, Yamaha, Philips na wengineo, wakatengeneza kila mmoja yake, ili mchezo ulionunuliwa kwa mashine ya huyu uchezeke kwenye ya yule. Al Alamiah ya Kuwait wakaitia Kiarabu, wakaiita Sakhr, yaani mwamba, ikaenea Ghuba. Na Ghuba kwa Mpemba si mbali. Karibu kila ukoo una mtu Maskati.

Yetu aliileta ami yangu, imeviringishwa ndani ya blanketi, chini yake makopo ya maziwa ya unga. Vitufe vyake vilikuwa na herufi za Kiarabu pembeni ya zile za Kizungu. Herufi zote tulizijua, tumezisoma chuo cha Kurani. Maneno yaliyotokea kwenye skrini hatukujua hata moja.

Kompyuta zilikuwa adimu nchini kwa sababu ya wazi: mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia kuziingiza, na zuio likakaa miaka. Lakini televisheni Zanzibar tulikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walingoja stesheni mpaka 1994. Kwa hiyo kifaa kigumu kupatikana kilikuta nusu yake ya pili inakingojea ukumbini.

Hapa ndipo penye maana ya neno "nyumbani". Mashine ile peke yake ilikuwa bubu na kiziwi. Macho yake ni televisheni, kumbukumbu yake ni redio kaseti, na vyote viwili vilikuwa na wenyewe. Televisheni ilikuwa ya bibi, redio ya baba. Nikitaka kucheza ilinibidi niombe mara mbili, nisubiri taarifa ya habari imalizike, kisha nicheze mbele ya watu wote, na ndugu zangu wakiniambia pa kuruka.

Kucheza kwenyewe kulianza kwa kungoja. Programu ni mfululizo wa sifuri na moja. Kwenye kanda kila tarakimu ilipewa sauti yake. Katika MSX, kwa mwendo wa kawaida, sifuri ni mlio wa mitetemo 1,200 kwa sekunde na moja ni wa 2,400. Mchezo wa kilobaiti 32 ulichukua kama dakika 5 kuingia. Kilobaiti 32 ni chini ya picha moja unayotumiwa leo kwa WhatsApp. Ukiisikiliza kanda hiyo bila kompyuta utasikia mlio mkali wa kukwaruza usiokata. Siku ya kwanza bibi alishika tasbihi yake akasema, "Nyinyi watoto, mtoeni huyo shetani ndani ya redio ya watu!"

Na mara nyingi dakika ya nne mambo yaliharibika. Kichwa cha redio kinachosoma kanda kikikaa upande kidogo tu, milio ya juu inafifia na kompyuta haisikii tena tofauti. Dawa yake ni bisibisi nyembamba: kuna skrubu pembeni ya kichwa, unaizungusha robo, unasikiliza, unazungusha tena. Mchezo ukaingia. Jioni baba akaweka kanda yake ya taarabu, fidla zote zikasikika kama zinapigwa chini ya mto wa kulalia. Alijua palepale ni nani.

Umeme nao. Pemba tulikuwa tukitumia majenereta ya dizeli, mpaka 2010 ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Ulichokiandika kwenye kompyuta kilikaa katika kumbukumbu ya ndani, inayoishi kwa umeme. Ukikatika sekunde moja, hakuna kitu. Nimewahi kupoteza mistari mia na kitu niliyoinakili kwa mkono, na nakumbuka kiza kile kuliko mchezo wenyewe.

Siku hizi ipo emuleta, programu inayoigiza chipu ya zamani amri kwa amri, hata mchezo wa miaka arobaini usijue kuwa uko ndani ya simu. Kazi yake ni safi. Nimeiweka, nimecheza, nikaifunga baada ya dakika tano. Si kama wimbo wa zilipendwa, ambao ukiupiga umekuja mzima. Hii huleta nusu iliyotoka Kuwait. Ile ya ukumbini hailetwi na faili.

Wakusanyaji wanaojua hutafuta mpaka televisheni za chogo, na si kwa mapambo. Kioo kile kilitandaza nukta zikaingiana rangi, na waliochora michezo waliutegemea ukungu huo. Kwenye skrini ya simu unaona vigae vitupu.

Fundi mmoja hapa Chake anayo moja ya inchi 14, ameiweka mlangoni, wateja wanaikalia. Nilimuuliza bei. Akanitazama kwanza. "Mjomba, unataka ya kutazama, au unanunua chuma chakavu?"