Waziri wa Norwei hajafukuzwa bungeni

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti mawaziri wa Norwei hufukuzwa bungeni, na viti vyao hupewa watu ambao hawakuchaguliwa. Si kweli.

Katiba ya Norwei, ibara ya 62, haimruhusu waziri kuwa mbunge kwa wakati huohuo. Mbunge akiteuliwa, kiti chake hushikwa na mbunge wa akiba kutoka orodha ileile ya chama iliyopigiwa kura. Waziri huruhusiwa kuingia bungeni na kuchangia hoja, ila hapigi kura. Akiacha uwaziri kabla ya miaka minne ya Bunge kwisha, hurudi kitini pake.

Naelewa kwa nini wengi huchanganyikiwa. Tanzania, waziri lazima awe mbunge. Kenya, tangu katiba ya 2010, mbunge akiwa waziri kiti hukipoteza kabisa na uchaguzi mdogo hufanyika. Norwei iko katikati.

Tafadhali, usiusambaze tena. Fungua wasifu wa mbunge kwenye tovuti ya Bunge lao, ulinganishe tarehe: siku alizokosekana kitini ni zilezile alizokuwa serikalini.