Kibali cha mtandaoni kinaijua pasipoti yako tu

Mama mmoja alifika mapema kwenye kaunta ya shirika la ndege, kila kitu mkononi: tiketi ya kwenda na kurudi, hoteli aliyokwisha kuilipia, na karatasi inayosema ombi lake la kibali cha kusafiri limekubaliwa. Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano. Karani akapitisha pasipoti kwenye mashine, akatazama skrini, akaipitisha tena. "Samahani mama, sikioni kibali chako." Mama akamwonyesha karatasi. Karani akalinganisha namba mbili, akaigeuza karatasi ili naye azione. Ile ya kwenye karatasi ilikuwa ya pasipoti ya zamani. Alikuwa ameibadilisha miezi minne nyuma, na kibali hakikuhama naye.

Ombi hilo nilimjazia mimi, mwaka mmoja kabla, na sikumuuliza pasipoti yake inaisha lini. Siku hizi, mteja akikaa tu, hilo ndilo swali langu la kwanza.

Kibali cha kusafiri cha kielektroniki kipo kwa ajili ya watu ambao, kwa uraia wao, hawahitaji viza kwa matembezi mafupi. Zamani mtu wa namna hiyo alipanda ndege tu, na nchi anayokwenda ikamjua akishafika dirishani kwa afisa uhamiaji. Sasa nchi nyingi zinataka kumjua kabla hajapanda. Australia ilianza mwaka 1996. Marekani ikaifanya ESTA, kibali chake cha aina hii, kuwa lazima Januari 2009, Canada ikafuata 2016, New Zealand Oktoba 2019, Korea Kusini 2021. Uingereza ilianza na raia wa Qatar Novemba 2023 na kufika kwa raia wa nchi za Ulaya Aprili 2025. Kenya ilitumia jina hilohilo Januari 2024 ilipofuta viza, lakini ikakidai kwa karibu kila mgeni, hata yule ambaye kwingine angetakiwa viza. Kwa hiyo jina la kibali lisikudanganye. Soma nchi husika inamtaka nani.

Anayehitaji viza ya nchi fulani hawezi kuikwepa kwa kuomba kibali hiki, na mwenye viza halali kwa kawaida hakihitaji.

Mfumo mzima unasimama juu ya jambo moja: kibali kimefungwa kwenye namba ya pasipoti. Hakuna muhuri, hakuna stika, na ile karatasi unayochapisha ni kumbukumbu yako mwenyewe. Karani anaposoma pasipoti yako, kompyuta ya shirika inatuma taarifa zako kwa serikali ya unakokwenda, na jibu linarudi kama abiria huyu apandishwe au asipandishwe. Shirika likikubeba bila ruhusa linaweza kupigwa faini na kutakiwa likurudishe ulikotoka. Ndiyo maana kumbembeleza karani ni kupoteza muda. Mwenye uamuzi hayupo hapo kaunta.

Sasa fungua ukurasa wa picha wa pasipoti yako. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu, imejaa alama za <. Mashine inasoma mistari hiyo. Namba yako inaanza mwanzoni mwa mstari wa pili na imetengewa nafasi tisa. Ikiwa fupi, nafasi zinazobaki zinajazwa zile alama. Tarakimu ya kumi si sehemu ya namba yako. Ni ya ukaguzi: mashine inachukua kila herufi na tarakimu ya namba, inaizidisha kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, inajumlisha, inagawanya kwa kumi, na baki ndiyo tarakimu hiyo. Nimeona watu makini kabisa wakinakili zote kumi kwenye fomu. Nakili namba iliyo juu kwenye kona ya ukurasa, kisha itumie ile ya chini kuhakikisha.

Kosa jingine la kila siku ni sifuri na herufi O. Namba za pasipoti za Ujerumani hazina herufi O hata moja. Kila duara unaloliona kwenye namba ni sifuri, na bado Wajerumani wanakwama kaunta kwa hilo. Programu za simu za Australia na Uingereza zimepunguza shida hii kwa sababu zinasoma chipu iliyo ndani ya pasipoti. Simu ikigoma kusoma, vua kava lake, laza pasipoti juu ya meza, isogeze simu taratibu juu ya jalada na usiinyanyue mpaka ikwambie imemaliza. Watu wengi hukata tamaa sekunde mbili mapema.

Kwa ESTA, namba ya pasipoti ikikosewa na ukawa umeshalipa, hairekebishwi. Unaomba upya na unalipa upya, na mwisho wa Septemba 2025 ada yake ilipanda kutoka dola 21 hadi 40. Familia ya watu watano inauhisi mchezo huo, maana kila msafiri anahitaji kibali chake, hata mtoto anayebebwa. Canada imebaki na dola zake 7 za Kanada kwa miaka mitano, au mpaka pasipoti iishe, chochote kitakachotangulia.

Mwenye uraia pacha ana mtego wake. Raia wa Marekani anatakiwa kuingia kwao kwa pasipoti ya Marekani. Hata kama anayo ya Ufaransa, ESTA si yake. Canada nayo haiwapi raia wake kibali hicho. Nimewahi kupigiwa simu na mtu aliyezaliwa huko na kuondoka akiwa na miezi kadhaa, akishangaa kwa nini ombi lake haliendi. Kwa mujibu wa sheria alikuwa mwenyeji, naye maisha yake yote alijihesabu mgeni.

Halafu kuna hesabu ya siku, na hapa hata wazoefu huteleza. Muda wa kibali na muda wa kukaa ni vitu viwili tofauti. ESTA inadumu miaka miwili, lakini kila safari mwisho wake ni siku 90. Mtu akikaribia siku ya 85 humjia wazo: nivuke Mexico wikendi moja, nirudi, nianze kuhesabu upya. Haianzi upya. Siku unazokaa Canada, Mexico na visiwa vya karibu vya Karibi katikati ya safari zinahesabiwa ndani ya zilezile 90. Uingereza inaruhusu hadi miezi sita kwa safari moja, kibali kikidumu miaka miwili.

Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zinahesabu kwa namna yake: siku 90 ndani ya kila siku 180. Hizo 180 hazianzi Januari wala siku uliyofika. Kila siku unayokuwa huko, unageuka nyuma na kuhesabu siku 180 zilizopita, unajumlisha zote ulizokuwa ndani. Kibali chao, ETIAS, kimepangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026 kwa ada ya euro 20 na kudumu miaka mitatu. Walio chini ya miaka 18 na waliozidi 70 hawatalipa, ila ombi watajaza kama wengine. Miaka hiyo mitatu haitaongeza hata siku moja kwenye zile 90. Wengi wanakichanganya na EES iliyoanza tarehe 12 Oktoba 2025. EES ni uandikishaji wa mpakani, alama za vidole na picha ya uso ukifika, na hulipii chochote.

Wanaounganisha ndege tu wananiuliza: nami nahitaji? Marekani, ndiyo. Viwanja vyake havina eneo la kupita bila uhamiaji, kwa hiyo hata saa mbili Miami zinataka ESTA au viza. Canada pia inakidai kwa anayepita kwa ndege. Uingereza imewasamehe wasiovuka uhamiaji, jambo linalowezekana Heathrow na Manchester. Lakini angalia tiketi zako. Kama ni mbili zilizonunuliwa mbalimbali, huenda ukalazimika kwenda kuchukua begi na kuliandikisha upya, na ukitoka kulifuata umeshavuka.

Maswali ya fomu yajibu kama yalivyo. Aliyekuwa Cuba tarehe 12 Januari 2021 au baada yake, kwa kawaida hafai tena kwa ESTA na anaelekezwa kuomba viza. Hilo ni usumbufu na gharama, lakini njia ipo. Kuficha ni jambo jingine, kwa sababu uongo ukigunduliwa unakufuata hata kwenye maombi ya viza. Na kukubaliwa kwenyewe hakumfungi afisa wa mpakani: anaweza kukuuliza unafikia wapi, unarudi lini, na asiporidhika akakurudisha.

Tovuti za mawakala wa kujipachika zinanikera kuliko yote haya. Zinalipia matangazo zikae juu ya matokeo, zinavaa rangi za bendera, zinatoza mara kadhaa ya ada halisi. Nyingine hutuma ombi kweli, ila huweka barua pepe yao badala ya yako, na serikali ikiuliza swali wewe husikii. Tazama mwisho wa anwani kabla ya kuandika jina lako: .gov kwa Marekani, gov.uk kwa Uingereza, canada.ca kwa Canada, europa.eu kwa ETIAS. Mimi huziandika anwani hizo mwenyewe.

Omba kabla ya kununua chochote kisichorudishiwa pesa. Majibu mengi huja haraka, wakati mwingine ndani ya dakika, lakini Marekani na New Zealand zinataka uwape saa 72 na Uingereza siku tatu za kazi. Barua ya kukubaliwa ikifika, usiifunge bado. Mwite mtu mwingine ashike pasipoti, wewe usome namba iliyo kwenye barua kwa sauti, moja moja, yeye akifuata kwa kidole. Yule mama, alipokuja kuomba upya siku ya pili yake, alikataa nisome mimi. Alisoma mwenyewe, mara mbili, na kidole kilikuwa changu.