Bingwa wa kujiandika: vyeo vya wachezaji wa briji mtandaoni

"Mwalimu, nikijiandika Bingwa, nani atanikamata?"

Aliyeniuliza ni mmoja wa vijana wawili ninaowafundisha briji, mchezo wa karata, barazani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga. Alikuwa ameshika simu, anajaza maelezo yake kwenye Bridge Base Online, uwanja wa mtandaoni ambao wachezaji wengi wa mchezo huu hukutania. Nikamwambia ukweli: hakuna. Kule daraja unajichagulia mwenyewe, kuanzia anayejifunza hadi daraja la dunia, na hakuna anayekuja kukagua.

Maelekezo yapo, lakini. Wenye uwanja wameandika kwamba Bingwa ni mtu aliyefanya vizuri katika mashindano makubwa ya taifa lake, na wa daraja la dunia ni aliyeiwakilisha nchi yake kwenye ubingwa wa dunia. Ukiyafuata hayo neno kwa neno, nusu ya mabingwa ninaokutana nao usiku wangerudi darasani. Kuna mmoja alinitukana kwa karata yangu ya pili, kwenye ya tano akaondoka mezani bila kuaga. Jina lake lilikuwa na ubingwa pembeni.

Karata kwetu Tanga si ngeni. Kopa, uru, pao, shupaza, hata turufu, maneno hayo tumeachiwa na Wareno na vijiwe vinayatumia mpaka leo. Kigeni ni briji yenyewe: watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja karata 13, kwanza mnanadi mtakula mara ngapi, kisha mnacheza kutimiza mkataba. Mimi nilifundishwa na mhasibu mmoja wa katani, mzee aliyekuwa haongei mpaka mchezo uishe.

Kinachofanya uwezo upimike ni hiki. Karata ulizogawiwa wewe zinagawiwa vilevile kwenye meza nyingine, na matokeo yako yanalinganishwa na ya wale waliokaa upande wako. Ukipata karata mbovu, na wao wamepata mbovu hizohizo. Kwa hiyo kisingizio cha bahati, ambacho kijiweni ndicho chakula chetu, huku hakina mnunuzi. Na kila karata uliyocheza inahifadhiwa. Mtu akitaka kukujua hasomi ulichojiandika, anafungua kumbukumbu zako.

Vyeo vya kupewa vipo pia. Nyota pembeni ya jina huwekwa na wasimamizi kwa wachezaji waliothibitika, huwezi kujibandika. Kuna pointi za mashindano, na kwa hizo Marekani ya Kaskazini ndiyo yenye ngazi ndefu: shirikisho lao, ACBL, lilianza mwaka 1937, na cheo chao kinachotamaniwa ni Life Master. Aliyejiunga tangu 2010 anatakiwa kukusanya pointi 500, tena zenye rangi tofauti, nyeusi, fedha, nyekundu, dhahabu, kila rangi na aina yake ya mashindano. Pointi za kawaida za mtandaoni hazina rangi. Juu kabisa, Shirikisho la Dunia lina cheo cha Grand Master, ambacho hukipati bila kutwaa ubingwa wa dunia.

Mimi pointi naziheshimu kidogo tu. Yapo mashindano ya kucheza na roboti watatu, na katika baadhi yake wewe binadamu hupewa siku zote mkono wenye nguvu kuliko yote minne. Mtu anakusanya pointi miaka miwili, kumbe hajawahi kujifunza kujilinda akiwa na karata dhaifu, na kujilinda ndiyo sehemu ngumu ya briji.

Ubingwa wenyewe unaonekana wapi? Nitoe mkono mmoja, nilioucheza juzi na mwenzangu wa Uturuki ambaye sura yake siijui.

Mkataba wangu ulikuwa tatu bila turufu, yaani nile mara tisa. Wapinzani wakaanza na kopa, ambazo nilikuwa na vizuizi viwili tu, yaani karata mbili za kuwazuia wasizile mfululizo. Nikahesabu: nane ninazo, natafuta ya tisa. Mezani, kwenye mkono wa mwenzangu uliofunuliwa, palikuwa na ree na bibi wa shupaza. Nikimchezea bibi, na mfalme akawa kushoto kwangu, kwa mpinzani anayecheza kabla ya meza, nimepona. Nusu kwa nusu, na mwenye haraka angekimbilia hapo. Lakini uru nilishika ree, mfalme na ndogo moja, mezani ndogo nne. Wapinzani walikuwa na uru sita. Zikikaa tatu kwa tatu, na hutokea kama mara 36 katika mia, ile uru ya nne ya mezani inakula bila mpinzani.

Nikawapa uru moja kwanza. Wakaning'oa kizuizi cha mwisho cha kopa. Nikapiga ree ya uru, nikapiga mfalme: hazikugawanyika. Ndipo nikamchezea bibi wa shupaza, akapita. Kwa mpangilio huo mkataba unatimia kama mara 68 katika mia. Ukianza na bibi ukamkosa, kizuizi cha kusubiria uru huna tena, kwa hiyo umebaki na 50 zako. Karata ni zilezile, tofauti ni kipi kimetangulia.

Mturuki akaandika herufi tatu, wdp, ndiyo pongezi ya kumpa mwenzako. Tangu siku hiyo, saa nne usiku nikiwasha kifurushi, nakuta ameshaniwekea kiti. Wakati mwingine watu wawili watatu huja kutuchungulia, kimya, maana ni ruhusa kutazama mikono yote minne. Kwa wenye nyota hao watazamaji hujaa mamia. Sisi wawili watatu wanatutosha, na mimi nimejiandika wa kati, sijabadilisha.

Yule kijana nilimsomea maelekezo yote ya madaraja, taratibu, mstari kwa mstari. Akanishukuru sana. Jana nikachungulia maelezo yake: Bingwa ameufuta. Ameweka Daraja la Dunia.